Nani Atakurudisha Nyumbani

Verna Tollefsrud aliyamaliza magoti yake kwenye sakafu ya saruji ya jiko la shule, na hakuna aliyempa pole kwa sababu hakumwambia mtu kwamba yanauma. Ndivyo walivyo watu wa Hallstad. Ni mji mdogo wa magharibi mwa Minnesota, wenyewe ni wajukuu wa Wanorwe waliokuja kulima ngano, na mtu wa pale akivunjika mguu atakuambia hajambo, ila leo anatembea polepole kidogo. Verna aliwapikia watoto wa shule viazi na nyama mpaka nywele zikawa nyeupe. Nyumbani alishuka ngazi za kwenda chini ya nyumba kufulia nguo kinyumenyume, ameng'ang'ania ukuta, na mumewe akitokea alijifanya anafuta vumbi.

Mumewe, Orrin, alikuwa dereva wa basi la shule. Kila jioni, akishawashusha watoto wa mwisho na kulirudisha basi, alichukua gari lake akaenda kumngoja Verna nje ya mlango wa jiko. Hakupiga honi hata siku moja. Alikaa tu, injini inaunguruma na joto limewashwa, mpaka mkewe atoke na harufu yake ya vitunguu. Mungu hakuwapa mtoto. Walikuwa wao wawili, na walitoshana.

Sasa shule yenyewe ilishabomolewa, watoto wanasomea mji wa jirani, na akili ya Orrin ilikuwa inamtoka kidogo kidogo. Mtu wa nje hakuweza kujua. Orrin alikuwa fundi wa maongezi mafupi: theluji, barabara, bei ya mahindi. Angekushika bega akuambie, "Bwana, baridi ya mwaka huu ina kisasi na sisi," ukacheka ukaenda zako umefurahi, kumbe hana habari wewe ni nani. Kanisani Verna alisimama ubavuni mwake akimnong'oneza majina. Alimficha kama mtu anavyoficha soksi iliyotoboka, kwa kutovua kiatu.

Alikuwa na sababu. Pembeni mwa mji kulikuwa na nyumba ya wazee iliyoitwa Solhjem, na Hallstad ikishajua kwamba akili ya mtu imeanza safari, basi alipelekwa Solhjem "kwa muda." Hakuna aliyewahi kuuona mwisho wa muda huo. Orrin alilijua hilo wakati bado anajua mambo. Siku moja walikuwa wanamenya viazi, akaweka kisu chini.

"Verna, usije ukanipeleka kule."

"Nani kakuambia unapelekwa?"

"Nakuuliza."

"Sikupeleki. Menya viazi."

Ahadi ikawa hiyo, na Verna hakuwa mtu wa kuahidi ovyo. Lakini majira hayo ya baridi Orrin alifungua mlango akatoka na ndara, akaelekea barabarani kwenye theluji. Verna akamkimbilia, yaani alidhani anakimbia. Goti la kulia lilikataa katikati ya uwanja. Alibaki ameshikilia uzio, anaita, na mgongo wa mumewe unazidi kuwa mdogo. Bahati tu mbwa wa jirani alibweka, Orrin akageuka kumsalimia mbwa, akasahau alikokuwa anakwenda. Siku hiyo Verna alielewa kwamba kumtunza Orrin ni kazi ya miguu, na miguu hana.

Ndipo akaenda kwa daktari. Zamani mtu aliyebadilishwa goti alilazwa hospitali siku kadhaa, akiletewa uji na kusalimiwa na mchungaji. Siku hizi kuna vituo vya upasuaji visivyokuwa na hata kitanda cha kulala. Kimoja kilikuwa kwenye mji mkubwa, mwendo wa saa moja hivi kwa gari, ndani ya jengo lililokuwa zamani duka la mazulia. Daktari alikuwa kijana mwenye viatu vya michezo, anaitwa Pruitt, mchangamfu kupita kiasi.

"Mama, asubuhi unaingia, mchana unatoka kwa miguu yako mwenyewe," alisema. "Jioni uko kwenye kiti chako unaangalia televisheni. Watu wanapenda sana."

"Siku hiyohiyo?"

"Siku hiyohiyo. Sharti ni moja tu. Nani atakurudisha nyumbani? Lazima awepo mtu mzima, mwenye akili zake, akuchukue hapa na alale na wewe. Bila huyo hatukugusi."

Hapo ndipo Verna angesema. Mdomo aliufungua kabisa. Lakini Orrin, aliyekuwa kwenye kiti cha pembeni na kofia mapajani, alimtangulia.

"Na mimi hapa nimekuja kupamba chumba?" alisema. "Nimeendesha basi la shule maisha yangu yote, kijana. Mwanamke mmoja na goti lake hawawezi kunishinda."

Daktari akacheka mpaka akajipiga paja. Wakaongea kuhusu theluji na barabara, na Pruitt akamwambia Verna ana bahati ya kuwa na mzee kama huyu. Verna akasema ndiyo, ana bahati. Akapangiwa siku.

Usidhani alikuwa mjinga. Alijua kwamba anahitaji mtu mwingine, na mtu huyo alikuwepo, tena ukuta kwa ukuta: Ardis Kvamme, jirani yake, mjane mwenye gari zuri na moyo mzuri zaidi ya gari. Kilichotakiwa ni kumwomba. Na kuomba, Hallstad, hakuna. Mtu akikukaribisha kitu pale, unakataa. Akikukaribisha tena unakataa, ila kwa sauti ya chini kidogo. Akikukaribisha mara ya tatu unasema, "Haya, kama si usumbufu," na hapo ndipo unakunywa kahawa. Anayekubali mara ya kwanza ni mlafi. Anayeomba mwenyewe hata jina hawajampa. Inaudhi, kwa kweli, kuona watu wazima wakizungukana hivyo kwenye sahani ya biskuti, lakini ndivyo walivyolelewa na ndivyo wanavyopendana.

Jumapili baada ya ibada watu walishuka chini ya kanisa kunywa kahawa, kama kawaida. Ardis alikuja na kikombe chake akaketi karibu na Verna. Orrin alikuwa meza ya pili, anawachekesha wazee.

"Nasikia Alhamisi unakwenda kutengenezwa goti," Ardis alisema.

"Aa, kidogo tu."

"Kidogo! Wanakukata mfupa, wewe unasema kidogo. Sikiliza, nitawapeleka mimi. Nitakaa pale mpaka utoke, halafu nilale kwenu siku mbili tatu."

Moyo wa Verna uliruka. "La, la, usijisumbue. Una mambo yako."

"Mambo gani? Paka? Usumbufu haupo, Verna. Na Orrin atapata mtu wa kumpikia."

"Hapana, kwa kweli," Verna alisema, na safari hii sauti aliishusha, akatazama kikombe. "Tutajikongoja tu. Orrin yupo."

Kisha akangoja. Jibu alikuwa nalo tayari mdomoni, amelipanga lote: haya, kama si usumbufu, na kuna jambo la Orrin nataka nikuambie. Alikwishaweka kikombe mezani. Ardis alivuta pumzi, akamgusa mkono, na wakati huohuo birika kubwa la umeme la kahawa lilianza kumwagikia sakafuni huko jikoni, mtu akapiga kelele, "Ardis! Ardis, hiki kitu kinazimwaje?" Ardis akaruka kwenda.

Aliporudi mikono ilikuwa imelowa na uso umekuwa mwekundu kwa kicheko. Alisimulia habari ya birika, na jinsi kamati inavyokataa kununua jipya, na nani kasema nini kwenye kamati. Verna alicheka panapochekewa. Alingoja mpaka makoti yakavaliwa. Ardis naye, mtu mwenye heshima zake, alikwishakataliwa mara mbili na hakukumbuka kama ya tatu ilikuwa bado.

Jumatatu Verna alipika bakuli la viazi na nyama, akampelekea Ardis, ili apate kukaribishwa ndani na maneno yajirudie yenyewe. Ardis alilipokea palepale mlangoni, akashukuru sana, akamwambia asingejisumbua. Jumatano akamwona anatoa theluji mlangoni, wakapungiana mikono.

Alhamisi Orrin ndiye aliyeendesha. Tuseme ukweli, aliendesha vizuri, kwa sababu mikono yake ilikumbuka kazi hata pale kichwa kiliposahau. Verna alimwelekeza kulia na kushoto, sauti ya kawaida, kana kwamba anataja tu mandhari. Njiani Orrin aliuliza mara kadhaa wanakwenda wapi.

"Kutengeneza goti langu."

"Linakusumbua?"

"Kidogo tu."

"Mbona huniambii, mke wangu?"

Pale mapokezi ilinukia maua ya kupulizia na kulikuwa na viti laini. Nesi alikuwa binti aliyeitwa Kendra, mgeni wa kutoka Texas, mwenye sauti kubwa na mikono ya joto. Aliwauliza swali lilelile, nani anamrudisha mama nyumbani, na Orrin akainua kofia.

"Mzee, usitoroke lakini," Kendra alisema.

"Nitorokee wapi na theluji hii? Na mke ndiye anayejua biskuti zilipo."

Chumba kizima kilicheka. Verna akavuliwa nguo zake, akavalishwa gauni la kufungwa nyuma, akalazwa. Kendra alikuwa anamtafuta mshipa mkononi alipomwangalia usoni akasita.

"Mama, mbona kama una wasiwasi? Kuna mtu mwingine ungependa nimpigie simu? Ndugu, jirani?"

"Aa, hapana," Verna alisema. "Usijisumbue."

"Sawa," Kendra alisema, akabandika plasta akaenda zake. Kwao Texas mtu akisema hapana ni hapana. Verna aliendelea kuutazama mlango mpaka wakaja kumsukuma.

Walimchoma sindano ya ganzi mgongoni na dawa ya usingizi. Alipozinduka goti lake lilikuwa limekwisha kubadilishwa, sasa ni la chuma na plastiki, limefungwa bandeji nono. Hakusikia maumivu. Alipewa juisi na biskuti, akasimamishwa, akapewa fremu ya kutembelea, na mtaalamu wa mazoezi akampandisha vingazi vya mbao vilivyowekwa pale kwa kujaribia. Verna alipanda akitazama mbele, kama msichana. Akashuka hivyohivyo. Watu walimpigia makofi.

"Bingwa huyu!" Kendra alisema. "Ngoja nikamwite mzee aone."

Verna alisimama palepale na fremu yake. Kwa muda huo mdogo alikuwa na furaha, furaha ya kweli, na ni haki kuitaja kwa sababu haikurudi tena. Aliwaza kwamba amefaulu. Sasa Orrin akitoka na ndara, atamfuata. Atamfuata mpaka atakapochoka.

Kendra alirudi na kofia ya Orrin mkononi.

"Hayupo kwenye kiti. Labda yuko chooni."

Chooni hakuwepo. Dada wa mapokezi aliitwa, akaja anatabasamu bado. Alisema mzee ametoka muda mrefu, tena ameaga vizuri. Walikuwa wameongea kuhusu theluji, mzee mcheshi kweli. Kisha akatazama dirishani, akasema anaondoka, anakwenda kumchukua mkewe.

"Kumchukua wapi?" Kendra aliuliza.

"Alisema kazini. Jikoni shuleni. Nilifikiri..." Dada akawatazama wote wawili. "Nilifikiri mkewe ni mtu mwingine."

Verna alihisi sakafu ikimkimbia ingawa goti jipya lilisimama imara. Hakuna njia tena. Ilibidi aliseme lile ambalo hakulisema kwa mchungaji wala kwa Ardis, alisemee hapo mbele ya vijana asiowajua, amevaa gauni lililo wazi mgongoni.

"Mume wangu hana kumbukumbu," alisema. "Ni muda mrefu sasa. Nisameheni kwa usumbufu."

Walimkalisha. Askari wakapigiwa simu. Ardis naye akapigiwa, safari hii bila kumwuliza Verna, na alifika amevaa koti juu ya aproni, unga bado uko kwenye vidole. Aliendesha kurudi Hallstad kwa kasi ambayo si ya mama wa kanisa. Hawakuongea. Mguu wa Verna ulinyoshwa kiti cha nyuma, na ganzi ilikuwa imeanza kuondoka.

Askari walimpata Orrin giza linaingia, kwenye uwanja mtupu ilipokuwa shule. Alikuwa ameegesha gari sawasawa na pale ulipokuwa mlango wa jiko. Mafuta yalikuwa yamekwisha, injini imezima, vioo vimeganda kwa ndani. Hakuwa na kofia wala glavu. Walimsihi atoke akakataa.

"Namngoja mke wangu," aliwaambia. "Goti linamsumbua. Hawezi kutembea kwenye theluji yote hii."

Baridi ilikuwa imemla vidole, na baadhi ilibidi vikatwe. Kutoka hospitali hakurudishwa nyumbani. Mama wa ustawi wa jamii alikuja na mkoba wake, mtu mpole, akakaa sebuleni kwa Verna akaeleza kwamba mwenye goti la juzijuzi hawezi kumtunza mtu wa hali ile. Alisema itakuwa Solhjem. Alisema kwa muda.

"Goti litapona," Verna alisema.

"Ndiyo, mama. Tutaangalia wakati huo."

Ardis alilala pale siku zote za mwanzo. Alipika, alifua, alimfunga Verna barafu gotini. Siku moja, akiwa anaosha vyombo na mgongo umegeuka, alisema, "Mbona hukuniambia, Verna?"

"Hukuniuliza tena."

"Nilikuuliza mara mbili."

"Ndiyo," Verna alisema. "Mara mbili."

Ardis aliendelea kusugua sufuria iliyokwisha kutakata. Verna alitaka kumwambia si kosa lako, na kweli halikuwa kosa lake, lakini alijua Ardis angekataa, na angetakiwa aseme tena, na tena, na nguvu hizo hakuwa nazo.

Goti lilipona ajabu. Pruitt alilipiga picha za eksirei akaziita nzuri kuliko zote za mwaka, akasema angependa kuwaonyesha wagonjwa wengine. Verna alipanda na kushuka ngazi za nyumba yake bila kushika ukuta. Hakukuwa na mtu wa kumfukuzia. Alizunguka vyumba akifuta vumbi la kweli. Barabara ilikauka, ngano ikachipua, na mama wa ustawi aliporudi alisema mzee amekwishazoea kule, kumhamisha kutamvuruga, na kwa kweli hali imeshuka. Hilo Verna hakubishana nalo, maana aliliona kwa macho yake. Alikuwa akienda Solhjem kila siku kwa miguu.

Siku za mwanzo Orrin alimjua na kulia, anataka kuvaa koti. Baadaye alimjua bila kulia. Kisha akaanza kumwita mama, kwa heshima, kama mgeni wa kanisa jirani, na kumweleza habari za theluji, ingawa nje kulikuwa na jua na nyasi zimekatwa.

Alasiri moja walikaa wawili dirishani. Hodan, binti aliyemtunza Orrin, alikuja na kitoroli chenye birika na vikombe. Verna alikuwa ameamua jambo, aliliamua usiku mwingi akiwa peke yake kitandani. Kamwe hatakataa tena kitu anachokitaka. Lilikuwa jambo dogo, na lilichelewa, lakini ndilo pekee alilobaki nalo la kubadilisha.

"Mama, karibu kahawa," Hodan alisema.

"Ndiyo, asante," Verna alisema. "Naitaka." Akanyoosha mkono akapokea kikombe.

Orrin alimtazama kwa mshangao mkubwa. Akamvuta Hodan kwa mkono wake wenye vidole vichache, akamnong'oneza kwa sauti ambayo chumba kizima kilisikia.

"Mama huyu si wa huku. Umemkaribisha mara moja tu, kachukua."

"Si vibaya, mzee," Hodan alisema, akimtupia Verna jicho la huruma. "Kahawa ipo tele."

"Mimi sisemi vibaya. Lakini mke wangu asingefanya hivyo. Yule kalelewa." Akaitengeneza kola ya shati lake, akageukia dirisha na ile barabara ya kwenda mjini. "Utamwona mwenyewe, anakuja kunichukua sasa hivi. Ni goti tu linamchelewesha."